Tamasha la Nyumba Kongwe Mtaani: Milango Kwanza, Jukwaa Baadaye

Ukitoka Jogoo Road ukaingia Kaloleni, jiji la Nairobi linabadilika ndani ya hatua mia moja. Kelele za matatu zinabaki nyuma. Nyumba ni fupi, zimezunguka viwanja vya nyasi, miti imekomaa, na vijia vinapinda kumfuata mtu wa miguu. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na miongoni mwa walioinua kuta zake walikuwemo wafungwa wa vita wa Kiitalia. Ukumbi wake wa jamii ulisikia mijadala mikali ya siasa kabla ya uhuru. Na watu bado wanaishi humo: wanapika, wanafua, wanalea.

Katikati ya jiji majengo yenye majina hayakosi. Kipande House kwenye Kenyatta Avenue ni la 1913, na jina lake halijaacha kukumbusha kile kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho. Ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, ambayo sasa ni Nairobi Gallery, nayo ni ya 1913. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931, na simba wake wa mawe wangali mlangoni. KICC, lile jumba refu la mikutano ya kimataifa, ilikamilika 1973, kazi ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso. Majengo haya yana walinzi, yana wageni, na Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inatoa njia ya kuyalinda. Mitaa ya Eastlands, upande wa mashariki ya jiji iliko Kaloleni, haijapata ulinzi wa aina hiyo. Mingi imo kwenye mipango ya kujengwa upya, na Pangani tayari nyumba za zamani zimebomolewa kupisha ghorofa. Ndiyo maana tamasha la majengo likifanyika Nairobi, tungependa lianzie mitaani.

Kwetu sisi tamasha la majengo ni siku ambayo milango inayofungwa mwaka mzima inafunguliwa, mtu anaingia, anagusa ukuta, anauliza, na anajibiwa na yule anayeishi pale au aliyeukarabati. Wazo lenyewe si geni. London wamekuwa wakifungua majengo yao namna hiyo tangu 1992. Hapa nyumbani, kituo cha sanaa cha GoDown Arts Centre walianzisha tamasha la Nai Ni Who mwaka 2013, na wenyeji wa mitaa ndio waliowatembeza wageni. Kosa linalojirudia katika matamasha mengi ni kuanza na jukwaa: hema, spika, viti, na meza ya waheshimiwa yenye kitambaa cheupe. Pesa zikishaishia hapo, nyumba zinageuka mandhari ya kupigia picha, na mgeni anarudi kwao bila kuvuka kizingiti hata kimoja.

Tuanze na tarehe, maana imeharibu matamasha mengi. Duniani, siku ya kumbukumbu na maeneo ya kihistoria huadhimishwa tarehe 18 Aprili, na kila mwaka kuna anayependekeza tamasha lifanyike siku hiyo. Nairobi Aprili ni masika. Vijia vya Eastlands vinajaa matope, mitaro inafurika, na nyumba ya watu ikishaingiwa na viatu mia vya tope, mwenye nyumba hatafungua tena mwakani. Vuli nazo huja Oktoba hadi Desemba. Zinabaki Januari mwishoni na Februari, ama Julai na Agosti. Sisi tungechagua Agosti: shule zimefungwa, kwa hiyo vijana wa mtaa wanapatikana kuwa waongozaji, na lile wingu la baridi linalowaudhi watu linafaa sana kazi ya chokaa, kama tutakavyoona. Siku iwe Jumamosi. Jumapili kumbi nyingi za mitaa huwa zimekodishwa na makanisa. Matembezi ya katikati ya jiji ndiyo yanayofaa Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache na kundi la watu 20 linaweza kuvuka Moi Avenue bila kukatika vipande viwili.

Mtaa mmoja kwa mwaka unatosha. Nyumba 6 hadi 8 zinatosha pia, na mazungumzo na wenyewe yaanze miezi mitatu kabla. Mwezi mmoja hautoshi, kwa sababu jibu la kwanza huwa "tutaona", na hilo "tutaona" linahitaji kutembelewa mara tatu au nne kabla halijawa "karibuni".

Nyumba za mtaa wa Majengo, Pumwani, zinastahili kutajwa peke yake. Pumwani ilipimwa viwanja mwanzoni mwa miaka ya 1920, na wenyeji wakajijengea wenyewe: nguzo, fito, udongo wa kukandika, na paa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Ramani yake ilitoka pwani. Unapiga hodi barazani, unaingia ukumbi mwembamba unaoipasua nyumba katikati, vyumba vimepangana kulia na kushoto, mara nyingi vitatu vitatu, na nyuma kuna ua wenye jiko na choo. Ramani hiyo ilikuwa pia biashara. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, vingine akapangisha, na wanawake walikuwa sehemu kubwa ya wenye nyumba hao, wakati ambapo jiji halikutaka kabisa kumwona mwanamke Mwafrika akimiliki kitu. Mwongozaji akisimama ukumbini na kuhesabu milango kwa kidole, mgeni anaelewa uchumi huo kuliko akisomewa kurasa kumi. Ila kwanza awaambie wageni kwamba hapa mtu hupiga hodi, bibi mwenye nyumba huamkiwa shikamoo, na viatu huvuliwa pale watu wa nyumba wanapovulia.

Ukumbi wenyewe ndio unaoamua hesabu. Upana wake ni kama mita moja na kidogo. Watu 6 kwa zamu ndio mwisho, kwa dakika 8. Hiyo ni kama watu 45 kwa saa, na nyumba ikifunguliwa saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, ni watu 225. Anayetangaza "njooni nyote" bila kupiga hesabu hii atajikuta na foleni ya watu 100 juani mbele ya mlango mmoja, na foleni hiyo ndiyo itakayokumbukwa. Toa vikaratasi vyenye saa, nyumba moja moja, rangi tofauti kwa kila nyumba. Atakayekosa zamu apelekwe kwenye nyumba yenye nafasi. Mtu mmoja akae mlangoni na asiwe na kazi nyingine yoyote.

Kabla ya nyumba kuingia kwenye ratiba, fundi aikague. Achukue bisibisi na kuichoma polepole kwenye miimo ya milango, miguu ya nguzo na ncha za boriti. Ikizama kama kwenye keki, mbao imeliwa na mchwa au imeoza. Aangalie ngazi, nyaya za umeme zilizoning'inia, na dari iliyolegea. Ufa uwekewe alama ya kalamu ya risasi kwenye ncha zake zote mbili na tarehe iandikwe kando: ukikuta umevuka alama baada ya wiki nne, nyumba hiyo itazamwe kwa nje tu. Roshani za mbao zisipandwe, hata zikionekana imara. Paa kuukuu za asbesto bado zipo jijini, kwa hiyo hakuna kutoboa, kukwangua wala kugonga paa ambalo hamjui limetengenezwa kwa nini.

Kuna jambo moja gumu zaidi ya mchwa. Katika mitaa ya kaunti kama Kaloleni, wakaaji ni wapangaji, na familia nyingi zimeongeza vyumba vya mabati ubavuni mwa nyumba kwa sababu watoto wamekua na nyumba haikukua. Mpangaji anapoona kundi lenye kamera na daftari linahesabu vyumba vyake, anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Msimamo uwe wazi mapema: nambari za nyumba haziandikwi kwenye ramani ya tamasha, nyongeza za mabati hazipigwi picha bila ruhusa ya mwenyewe, na picha za ndani ya chumba cha kulala hazipigwi kabisa. Mkubaliane vyumba vipi vinaingiwa na saa ngapi mlango unafungwa. Wanaofungua nyumba walipwe, wote sawa, na walipwe kabla ya siku yenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tamasha linalomlipa DJ na kumshukuru mwenye nyumba kwa soda limekosea hesabu zake.

Matembezi ya mtaani yasizidi kilomita 2. Kundi linalosimama na kusikiliza linakwenda polepole mno: njia ya kilomita moja na nusu itachukua nusu saa kwa kutembea tu, na vituo 7 vya dakika 7 vinaongeza dakika 49. Umeshafika saa moja na dakika ishirini, na wazee wanatafuta pa kukaa. Kila kundi liwe na watu 15 hadi 20, mwongozaji mbele na mtu wa mkia nyuma mwenye kizibao cha rangi. Njia ijaribiwe mara mbili, na mara moja iwe siku na saa ileile ya tamasha, maana kijia kitupu Jumanne huwa soko Jumamosi. Kila kituo kiwe na kivuli au ukuta wa kuegemea. Kwenye kituo, mwongozaji ageuze mgongo kwa barabara ili sauti yake iende kwa watu, na aanze na kitu kinachoonekana: dirisha hili limeziba lini, kwa nini jiwe hili ni jeusi na lile la manjano, maji ya paa yalikuwa yakienda wapi. Miaka na majina yaje baadaye, mawili matatu tu.

Sasa chokaa, maana hapa ndipo tamasha linapopata mwili. Tenga ukuta mmoja wa mita 3 kwa 2 na uwafanye wageni waupake. Sababu yake ni hii. Kuta kuukuu za mawe laini au udongo huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia usoni mwake. Ukiziba uso huo kwa plasta ya simiti au rangi ya plastiki, maji hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, yanasukuma chumvi, na jiwe linaanza kumenyeka kama ngozi nyuma ya plasta. Mwenye nyumba akiona plasta imevimba anaongeza simiti, na ugonjwa unazidi. Chokaa inapumua na ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo kinachochakaa ni chokaa, ambayo inapakwa tena.

Kununua ndipo wengi wanapokosea. Chokaa ya shambani, ile ya kupunguza uchachu wa udongo, kwa kawaida ni mawe ya chokaa yaliyosagwa tu. Haigandi, na ukiipaka itatoka kwa kiganja. Mnaitaka chokaa iliyozimwa ya ujenzi, yaani iliyokwisha kuchomwa na kutiwa maji, mfuko mpya usioingiwa na hewa, kwa sababu chokaa iliyokaa wazi inarudi kuwa unga wa jiwe kabla ya kufika ukutani. Chokaa hai, ile iliyochomwa lakini haijazimwa kwa maji, isiletwe tamashani: ikikutana na maji inachemka na kurusha matone, na pale kuna watoto.

Iloweke chokaa ndani ya maji hadi iwe uji mzito, uache usiku mmoja kwa uchache. Wiki ni bora. Siku ya kazi chukua ujazo 1 wa uji huo, ongeza ujazo 2 hadi 3 wa maji, koroga, chuja kwa kitambaa. Inatakiwa iwe kama maziwa. Ikiwa nzito kama mtindi, itapasuka ikikauka, na hili ndilo kosa la kila fundi aliyezoea rangi ya dukani, kwa kuwa koti la kwanza la chokaa, yaani mpako wa kwanza, halionekani kabisa na mkono unawasha kuongeza. Vumilia. Ukuta upigwe brashi kavu kutoa vumbi, unyunyiziwe maji hadi uache kuyanywa haraka, kisha upakwe kwa brashi ya katani, mkono ukienda huku na kule. Makoti 4 au 5 membamba, siku nzima katikati ya koti na koti, na kila mara ukuta uloweshwe kwanza. Jua kali hukausha chokaa kabla haijashika, ikawa vumbi. Ndiyo maana tulichagua Agosti. Ikibidi iwe Februari, tundikeni magunia mabichi mbele ya ukuta.

Kwa vile siku moja haitoshi makoti matano, gaweni ukuta vipande vitano wiki ile ya tamasha: cha kwanza kiwe kimepakwa mara nne na mafundi, kinachofuata mara tatu, hivyo hivyo hadi cha mwisho ambacho hakijaguswa. Wageni wanapaka koti moja kwenye kila kipande na wanaona weupe unavyozaliwa hatua kwa hatua. Miwani ya kinga na glavu kwa kila mtu bila kubembelezana, ndoo ya maji safi kando, na anayesimamia ajue kwamba chokaa machoni inaoshwa kwa maji mengi papo hapo, kwa dakika 20 hivi, huku njia ya kwenda hospitali ikipangwa. Ukuta wenye rangi za zamani usikwanguliwe ukiwa mkavu, maana rangi za enzi hizo zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kupima nyumba ni kazi nyingine inayowavuta vijana, hasa wanaotaka kusomea ujenzi. Wape tepu ya mita 5 na ya mita 30, ubao wa kuandikia, kalamu ya risasi na karatasi ya miraba. Wachore kwa kipimo cha 1:50, yaani mita moja ya ukuta ni sentimita 2 kwenye karatasi. Vipimo vya ukuta mmoja vichukuliwe vyote kutoka sifuri moja, tepu ikiwa imetandazwa moja kwa moja: mlango unaanzia 1.20, unaishia 2.05, dirisha linaanzia 2.90. Wakipima kipande kipande, makosa madogo yanajumlishana na ukuta wa mwisho haukutani na wa kwanza. Wapime pia pembe kwa pembe. Chumba cha mita 3 kwa 3 kilichonyooka kina mita 4.24 kutoka kona hadi kona, kikisoma 4.10 upande mmoja, kimepinda, na hilo lichorwe lilivyo. Michoro hiyo, ikiwa na tarehe, ndiyo itakayobaki mtaa ukibomolewa, kwa hiyo nakala moja ikae kwenye maktaba ya mtaa. Kaloleni inayo, na ni miongoni mwa zile ambazo shirika la Book Bunk, walioanza 2017, wamefanya kazi ya kuzifufua pamoja na McMillan.

Picha za zamani za familia ambazo wenyeji wataleta ziskaniwe hapo hapo mwenyewe akiwa amekaa, kisha arudishiwe mkononi. Usichukue albamu "tutaleta wiki ijayo". Picha ya kadi iskaniwe kwa dipiai (nukta kwa kila inchi) 600, ndogo kama ya pasipoti 1200, na faili kubwa ibaki bila kupunguzwa. Anayetuma kwa WhatsApp ili "kuhifadhi" amehifadhi kivuli, kwa sababu programu hiyo kwa kawaida hubana picha. Picha iliyogandamana na kioo isibanduliwe, ipigwe ilivyo. Karatasi ya ruhusa iwe ya Kiswahili na fupi: nani yumo, wapi, mwaka gani takriban, inaweza kuonyeshwa wapi, na nani wa kumwambia mwenyewe akibadili nia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayahusu haya, lakini hata isingekuwepo, picha ya marehemu mama wa mtu inahitaji heshima hiyo.

Vibao vya maelezo visipigiliwe misumari kwenye kuta wala kubandikwa selotepu, maana ikibanduliwa inaondoka na chokaa. Tumia vigingi au vibao vya miguu mitatu. Kiswahili kitangulie, maneno yasizidi 120, herufi za kichwa sentimita 5 na za maelezo sentimita moja ili aliye nyuma ya kundi asome.

Vibali havina maajabu, vinataka muda tu. Sheria ya Utulivu wa Umma inaweka taarifa ya mkutano wa hadhara au maandamano kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, kuwa si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Hata mkiona tamasha lenu si la aina hiyo, barua yenye muhuri wa kupokelewa huokoa asubuhi nzima. Chifu na wazee wa Nyumba Kumi, vile vikundi vya usalama wa mtaa, waende kuonwa ana kwa ana kabla ya barua yoyote. Droni inahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na mtaani watu hawaipendi. Iacheni. Choo kimoja kwa kila watu 50 hadi 75, maji ya kunawa, na mtu wa huduma ya kwanza.

Jumapili inayofuata, kabla ya saa sita, vibao vyote viwe vimetolewa, funguo za ukumbi zimerudishwa, na mafundi wamerudi kwenye ule ukuta wa chokaa na brashi zao. Kipande cha kwanza kimemaliza makoti matano. Cha mwisho kimepata moja tu, kwa hiyo bado siku nne za kuulowesha na kuupaka, na mwenye nyumba aachiwe ndoo moja ya uji wa chokaa, maji yakiufunika na kifuniko kimebanwa, auweke kivulini uani hadi mwaka ujao.